Mwimbaji Aliyekosea Wimbo Wake

Mimi ni mpenzi wa mwimbaji mmoja ambaye jina lake nitalifumba, kwa kuwa bado yu hai, ana wakili, na isitoshe bado nampenda. Itoshe kusema kwamba ni mzee wa rumba, wa kizazi kilichoimba Kiswahili jijini Nairobi enzi ambapo Simba Wanyika, Les Wanyika na Orchestra Virunga ya Samba Mapangala zilikuwa zikikesha na watu kwenye vilabu. Sisi wa Kibabii, Bungoma, hatukukesha nao. Nairobi ilikuwa mbali, nauli haikuwapo, na ng'ombe hawajui kwamba jana ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo muziki ndio uliotufuata huku, kila mtu ukamfikia kwa njia yake, na ugomvi wote ninaotaka kuusimulia ulianzia hapo.

Kwangu mimi ulifika kwa kaseti. Nyumbani palikuwa na redio kaseti moja, ya baba, na ilikuwa na sheria zake. Betri mpya zilikuwa za taarifa ya habari na matangazo ya vifo, maana ni aibu gani kubwa kuliko kukosa matanga ya jamaa yako kwa sababu watoto walimaliza betri kwa rumba? Zikianza kuchoka, baba alizihamishia kwenye tochi. Tochi nayo ikizikataa, alizianika juu ya mabati zipigwe na jua la Bungoma mchana kutwa. Jioni, zikiwa zimepata uhai wa kukopa, ndipo sisi watoto tulipokabidhiwa redio tusikilize muziki.

Sasa, kaseti imeundwa ipite kwenye kichwa cha redio kwa kasi ya sentimita 4.76 kila sekunde. Betri ikichoka, mota huzembea, utepe hujikokota na sauti hushuka. Kasi ikipungua kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima umekwisha kushuka nusu toni. Betri za baba hazikuishia kwenye asilimia 6. Mwimbaji wangu aliingia masikioni mwangu kwa sauti nene, nzito, kama mtu anayeimba akiwa ndani ya kisima, akivuta kila neno mpaka liishe lenyewe. Niliipenda sauti ile kupita kiasi, hasa katika wimbo wake mmoja. Nilijizoeza nayo nikichunga, nikajizoeza nayo nikienda mtoni. Agosti ile ya mwaka wa shufwa tulipotahiriwa, kama ilivyo desturi ya Wabukusu, na kuruhusiwa rasmi kuwa na sauti ya kiume, mimi yangu ilikuwa tayari. Kwaya ya kanisa ilinichukua bila majaribio, nikawekwa kwenye besi, na sijatoka huko hadi leo.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, wimbo huohuo aliupata kwa santuri. Zile zilikuwa santuri ndogo za inchi 7, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja haukuitosha rumba ya watu wazima. Kwa hiyo wachapishaji wa santuri waliukata wimbo katikati. Upande wa kwanza mwimbaji analalamika juu ya mapenzi, gita linaanza kuchangamka, kisha sauti inafifia na kuzimika. Mtu lazima ainuke, aigeuze santuri, apulize vumbi, arudishe sindano, ndipo sebene, ile sehemu ya magita na dansi, iendelee. Kwenye harusi za huku kwetu mgeuzaji alikuwa Mjomba, na hakuwa na haraka. Wachezaji walibaki wamesimama wawili wawili, mikono ingali mabegani, na katika kimya kile ndipo yaliposemwa yote ambayo kelele za spika zilikuwa zimeyazuia. Mjomba mwenyewe aliposa hivyo, sentensi moja kwa kila santuri. Anadai kwamba zilipita harusi kadhaa na Krismasi juu yake kabla hajafika kwenye neno ndoa. Kwake yeye, wimbo usio na pengo katikati ni wimbo ulioondolewa sehemu yenye faida.

Jirani yetu Mwalimu, aliyestaafu lakini bado anatembea na kipande cha chaki mfukoni, aliupata redioni, zama za Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Alikuwa mwanachama sugu wa vipindi vya salamu. Alinunua kadi, akazijaza majina, akazituma Nairobi kwa posta, kisha akawa anaweka sikio redioni kila siku kusubiri lake litajwe. Na mtangazaji wa salamu tunamjua sote: hawezi kuliacha gita lilie peke yake. Sebene ikianza tu, naye yumo. Salamu hizi ziwafikie fulani na fulani, na wote wa soko la Chwele, wakiongozwa na chifu, bila kumsahau mama wa watoto aliye jikoni. Mwalimu hajawahi kuisikia sebene hiyo bila majina ya watu juu yake. Anaamini majina ni sehemu ya mashairi.

Wa nne katika msafara wetu alikuwa kijana wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii. Yeye wimbo huo aliukuta kwenye simu, umekatwa ukabaki sekunde 15, msichana asiyejulikana akiuchezea jikoni huku sufuria ikitokota nyuma yake. Sekunde hizo 15 anazijua barabara. Za kabla na za baada anaziona kuwa mambo ya wazee.

Basi bango lilipobandikwa kwamba mzee wetu atatumbuiza Kitale, uwanjani, na bendi kamili, magita ya kweli, si wale wanaokuja na flashi mfukoni na shoo yote imo humo, tulikodi Probox. Mwalimu alinung'unika tangu Kibabii. Alitaka kujua kwa nini shoo iende Trans Nzoia wakati Bungoma ina uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, uliokarabatiwa mpaka ukabeba sherehe za Madaraka mwaka 2024. Rais alitosha pale, mwimbaji angeshindwaje? Alilisema hilo Chwele, akalirudia Kimilili, na tulipopita Kamukuywa alikuwa amefikia hatua ya kutaka kuandika barua kwa gavana. Dereva aliongeza sauti ya redio.

Mjomba alikuwa amekuja na suti, tai na gambuti. Tulimcheka. Alitutazama viatu vyetu vya kung'aa, akasema tu, "Wapwa zangu, Kitale ni nchi ya mahindi. Mahindi hayanywi tangazo." Mji ule uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mlima Elgon umekaa pale karibu ukiwagawia wenyeji mawingu. Tulipofika Kiminini mvua ilianza. Tulipofika uwanjani, nyasi zilikuwa zimezama, na watu wenye tiketi za bei kubwa walikuwa wametengewa mahali pao maalumu kwa kamba. Ndani ya kamba matope yalikuwa yaleyale, ila yalikuwa na nafasi.

Langoni ndipo tulipogundua kwamba Mjomba alikuwa na kitu kingine ndani ya koti. Baunsa mmoja, kijana mpana, alimpapasa kifuani, akatoa chupa tupu ya Fanta, ile ya kioo ya zamani yenye mistari ya kuzunguka.

"Mzee, chupa haiingii."

"Hii si chupa, mwanangu. Ni ala."

"Ala gani?"

Hilo lilikuwa swali ambalo Mjomba amelisubiri maisha yake yote. Alimweleza kijana yule, foleni ikizidi kurefuka nyuma yetu, kwamba kabla ya spika na jenereta palikuwa na omutibo, muziki wa gita wa Waluhya, na kwamba George Mukabi alipokuwa akipiga gita lake miaka ya 1950, ngoma yake kubwa ilikuwa chupa ya Fanta inayokwaruzwa pembeni. Kwamba kampuni ya soda ilidhani inatuuzia kinywaji. Kisha akatoa kisu kidogo cha kumenyea matunda, jambo ambalo halikuisaidia kesi yake, akaanza kuikwaruza chupa. Ilikuwa na sauti, nisiseme uongo. Mama mmoja nyuma yetu alianza kutikisa mabega kwa kamabeka, ngoma yetu Wabukusu, na walio karibu naye wakaanza. Nilimwona baunsa bega lake la kushoto likimponyoka mara mbili. Lakini sheria ni sheria. Chupa na kisu vilikwenda chini ya meza, pamoja na miavuli, fimbo na vitu vingine vya hatari vya wazee. Mjomba alidai risiti. Baunsa alifikiri kidogo, akampiga muhuri wa pili kwenye mkono.

Bango lilikuwa limesema saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku emsii alitangaza kwa furaha kwamba msanii ameshatoka Eldoret. Tulipiga makofi. Baadaye akatangaza kwamba ameonekana Moi's Bridge. Tukapiga makofi makubwa zaidi, kwa maana Moi's Bridge ni mlangoni. Nusu saa ikapita, akatangaza kwamba msanii sasa yuko Matunda. Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka mingi, alikunja uso. Kwa mtu anayetoka Eldoret, Matunda huja kabla ya Moi's Bridge.

"Huyu anarudi Nairobi," Mwalimu alisema.

Wakati huo mheshimiwa mmoja, ambaye hakuwa kwenye bango, alipanda jukwaani kutusalimia. Alisalimia barabara, akasalimia bwawa, akasalimia wapinzani wake kwa mafumbo. Watu walimzomea kwa uvumilivu. Lakini alipotaja bei ya mbolea, uwanja mzima ulisimama na kushangilia, na hata mimi nilijikuta nimenyanyua mikono. Kama mwimbaji wetu angelisikia shangwe ile, angelibadilisha kazi.

Hatimaye alikuja. Bendi ilijipanga, gita la solo likatekenya kidogo, na kizee kidogo chenye kofia kikasogea mbele ya maikrofoni, kikafumba macho, kikaimba. Sauti ilitoka nyembamba, ya juu, safi kabisa.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza kijana wangu.

"Ndiye mwenyewe, Baba."

"Hapana. Labda ni mwanawe, ametangulia kujaribu maikrofoni."

"Baba, ana miaka sabini."

Nilitazama jukwaa, nikatazama spika, nikamtazama fundi wa mitambo nikitumaini ataligundua kosa na kulirekebisha. Fundi alikuwa akila mahindi choma. Watu kushoto na kulia kwangu walikuwa wakilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimelipa pesa zangu kuona mtu mmoja, nikaletewa mwingine anayejua nyimbo zake zote, na anaziimba haraka haraka kana kwamba kuna matatu inamsubiri nje. Niliamua kustahimili mpaka ufike ule wimbo wenyewe. Nilijiambia kwamba labda sauti yake nzito anaiweka akiba.

Wimbo ulifika. Uwanja ulilipuka. Kijana wangu aliinua simu juu kurekodi, Mwalimu akavua kofia, Mjomba akajifunga kifungo cha suti. Mwimbaji aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, kisha, kama wafanyavyo waimbaji wakichoka, akaunyosha mkono wenye maikrofoni kuelekea upande wetu na kutuamuru tuimbe.

Tuliimba.

Mimi niliingia kwa besi yangu, ile halisi, kwa mwendo wake halisi, nikivuta kila neno kama nilivyofundishwa na betri za baba. Kufikia mwisho wa mstari wa kwanza nilikuwa nyuma ya mpiga dramu kwa karibu mstari mzima, lakini sikuogopa, nilijua ni mpiga dramu ndiye anayekimbia. Kijana wangu na wenzake waliimba kwa nguvu za kutisha kwa sekunde 15 kamili, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja na kuanza kutazama simu zao. Gita la solo likaanza kuchangamka, tukafika pale ambapo mwili wa Mjomba unajua kwamba upande wa kwanza umekwisha. Alisimama tuli. Aliiondoa mikono yake hewani, akamgeukia mama aliyekuwa karibu naye, akainamisha kichwa kwa adabu ya harusi za zamani, na katika kimya ambacho hakikuwapo, kwa sauti ya mtu anayejua ana nafasi ya sentensi moja tu, akasema:

"Mama, wewe ni wa ukoo gani?"

Mume wa mama yule alikuwa upande wa pili, naye pia alikuwa na gambuti.

Sijui mambo hayo yangeishaje kama sebene haingeanza kwa kishindo, na kama Mwalimu, aliyesimama katikati yao, hangefanya alilolifanya. Aliinua mikono na kutangaza, kwa sauti iliyowahi kutuliza shule nzima gwaride la asubuhi: "Na salamu hizi ziwafikie wote wa Kibabii, wote wa Chwele, wakiongozwa na chifu!" Mume wa mama yule alisita. Kumbe naye alikuwa mtu wa kadi. Alijikuta akiitikia kwa kutaja ndugu zake wa Endebess, mmoja baada ya mwingine, na hasira ikamwishia katikati ya orodha. Safu mbili nyuma yetu mzee mwingine akaanza kuwasalimia wa kwao, na wa pembeni yake akadakia.

Nilimtazama mwimbaji. Alikuwa ameelekeza sikio upande wetu, kichwa kimeinama, akisikiliza kwa makini sana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyeshwa mtoto na kuambiwa ni wake. Kutoka upande wetu alikuwa anapokea besi moja iliyochelewa, salamu za kata tatu na kundi la vijana walionyamaza ghafla. Alimnong'oneza mpiga besi. Mpiga besi alitutazama. Kisha mwimbaji akairudisha maikrofoni kinywani mwake, akaumaliza wimbo mwenyewe, na kwa usiku uliobaki, kila alipotaka watu waimbe, aliwageukia wa upande wa pili.

Wakati wa kutoka, Mjomba alionyesha mihuri yake miwili na kudai ala. Alipewa kisu chake, na chupa. Aliipeleka kwenye mwanga. Haikuwa yake. Ilikuwa ya soda nyingine, laini, isiyo na mstari hata mmoja, lakini ubavuni ilikuwa imechakaa kwa mikwaruzo ya miaka mingi. Kumbe hakuwa peke yake. Mahali fulani katika giza la Kitale, mzee mwingine alikuwa akienda nyumbani na chupa ya Mjomba, akijisifu kwamba hatimaye amepata yenye sauti nzuri.

Ndani ya Probox mjadala uliwaka kabla ya gari kuwaka. Mimi nilisema mtu yule anaimba juu mno na kwa haraka. Mjomba alisema hakuna haraka mbaya kama kuunganisha upande wa kwanza na wa pili bila kumpa mtu nafasi ya kupumua na kuongea. Mwalimu alilalamika kwamba ameimba sebene nzima bila kumsalimia mtu, hata chifu. Kijana wangu alisema shoo ilikuwa fupi, alipoulizwa kwa nini akasema ni kwa sababu sehemu yenyewe iliimbwa mara moja tu. Dereva, ambaye hakuingia uwanjani, alishauri turudishiwe pesa. Tulipokaribia Kamukuywa Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikohoa na kutoa hukumu.

"Ni mwimbaji mzuri sana yule," alisema. "Ajifunze tu nyimbo zake."

Tulikubaliana sote, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu asubuhi. Ukifikiri sana utaona kwamba mwimbaji ndiye mtu pekee katika Kenya nzima ambaye hakuwahi kuusikia wimbo ule kwa betri zilizoanikwa juani, wala kugeuza santuri harusini, wala kuusubiri redioni na kadi ya salamu mkononi. Yeye aliuimba studio, akaenda zake. Kazi yote iliyofuata tuliifanya sisi.

Yangekwisha hapo, lakini kuna ile video. Kijana wangu alipoitazama asubuhi aligundua kwamba picha yote imejaa kisogo cha mtu na mwavuli uliopenyezwa, mwimbaji haonekani hata kidole, na sauti inayosikika vizuri kuliko zote ni yangu, kwa sababu nilikuwa karibu na simu. Aliituma kwa wenzake ili wacheke. Wenzake wakaituma kwa wenzao. Wiki ile ile nilipokuwa nikipita kituo cha boda boda pale Kibabii, nilimsikia kijana mmoja akiuimba wimbo ule huku akifuta pikipiki. Aliimba kwa besi nzito, akivuta kila neno, nyuma ya mdundo kwa karibu mstari mzima, na mwisho wake akawasalimia wote wa Chwele. Nilimuuliza wimbo huo ni wa nani. Alinitajia jina la mwimbaji wangu bila kusita, akaongeza kwamba mzee huyo anarudi Desemba, na kwamba yeye ameshaanza kuweka akiba ya tiketi, kwa ajili ya ile besi tu.